Haachii Mtu Mpaka Asikie "Ninao"

MAELEZO YA SHAHIDI
Jina: Kicheko (la kitambulisho afande ameshalinakili)
Umri: Miaka 41, mgongo 60
Kazi: Mbeba mizigo, ghala la sukari
Makazi: Chumba namba 6, nyuma ya ghala

Hapana afande, usiandike kuli. Kuli ndivyo anavyotuita msimamizi. Andika mbeba mizigo, mwaka wa kumi na tisa huu.

Mnamo tarehe 14 mwezi huu, saa nne na robo asubuhi, tulikuwa mlango wa pili tukishusha magunia ya kilo hamsini. Mimi nilikuwa juu ya lori, namtwisha Kreni mgongoni. Kreni ndiye kaka yetu mkubwa pale, ndiye aliyenifundisha kazi. Ana miaka hamsini na saba na hajawahi kuangusha gunia.

Tuna sheria yetu, haijaandikwa popote. Wa juu haachii mpaka wa chini aseme, "Ninao!" Hata kama mmenuniana tangu jana. Usipoisikia, unashikilia mpaka mikono ikatike.

Msimamizi akapanda lorini, akanisukuma. "Sogea, mnabembelezana kama maharusi." Akalishika gunia yeye.

Nikamwambia, "Bosi, subiri aseme anao."

"Mimi nimsubiri kuli?" Akaachia.

Kreni alikuwa bado anapanga mguu. Akaanguka, gunia juu yake. Nililisikia goti lake likialika. Siku ile sikucheka mpaka jua likazama, waulize wenzangu kama hiyo ni kawaida yangu.

Kreni pale chini aliuliza kitu kimoja tu: "Imemwagika?"

Haikumwagika hata punje. Alikuwa amelikumbatia.

Sasa nasikia msimamizi ameandika kwamba Kreni alikuwa amelewa. Kreni huyu hanywi hata soda, anasema gesi inamwinua visigino! Karatasi ile ikisimama, kaka yetu hana kazi wala jina.

Afande, tupatane hivi. Mwite msimamizi hapa. Gunia nalileta mwenyewe, mgongoni. Nitapanda juu ya meza yako hiyo, yeye ainame, nimtwishe. Akisema "Achia tu," Kreni alilewa, na mimi unifunge kwa uongo. Akisema "Subiri kidogo," liandike neno hilo kama lilivyomtoka.

Nimesomewa, ndivyo nilivyosema, na sahihi ni ya mkono wangu, si dole gumba.

(Sahihi) Kicheko

Maelezo yamechukuliwa nami, afisa wa zamu, saa sita kasoro kumi mchana. Msimamizi ameitwa kesho saa tatu asubuhi. Shahidi aje na gunia.