Ukuta wa Mchanga

Jumanne.

Siuamini ule ukuta. Wote pale wanauamini, mimi nimekataa.

Leo nilimpelekea Kaka Shikuku chakula kule wanakochimba mchanga, kando ya mto. Shimo sasa linampita kimo, na ukuta wake umesimama wima kama wa nyumba. Nikauliza kama hauwezi kuanguka.

"Tunachimbanga hapa kila siku, msichana," mwenzake akasema. "Umesimama siku zote za manyunyu, leo uangushwe na jua?"

Wakacheka. Jibu nilikuwa nalo, lakini wanaume wakinitazama mdomo wangu hujifunga.

Shuleni tulijaza mchanga kwenye kopo, tukaligeuza. Wenye unyevu kidogo ulishikana ukasimama. Ulipokauka, ukamwagika wote. Manyunyu ndiyo yaliyokuwa yakiushikilia ule ukuta, na sasa yamekatika.

Nikingoja sahani niliona mchanga ukitiririka kutoka juu ya ukuta, polepole, kama unga kwenye gunia lililotoboka. Hakuna aliyeugusa huko juu. Chini, Kaka alikuwa ameegemea ukuta huo huo, anakula.

Jioni nilimwambia. "Kumbe tuna injinia hapa nyumbani!" akanivuta sikio.

Labda ni woga wangu tu. Labda.

Nimejaza kopo mchanga niliouchota kwao, nikaligeuza mlangoni na kuliinua, jua la asubuhi liukaushe. Sepetu yake iko chini ya kitanda changu. Ataitafuta akipiga kelele, na wenzake watakuja kumwita. Apige tu. Wakiwa hapa wananigombeza, hakuna aliye shimoni.