Joho la Jaji

Tarehe 4 Februari

Mume wangu mtoro,

Mume gani anayekaa mwaka na miezi miwili bila kumwona mkewe? Ningekuwa msichana ningeshaolewa na mwingine. Marahaba ya shikamoo yako. Mimi mzima, ni magoti tu yanagombana. Wewe je, unakula, au unaigiza kwamba umekula?

Anayeandika ni jirani yangu msusi, kama siku zote. Mkono wake, maneno yangu, na nimemkataza kuyapaka mafuta.

Umesema kikundi chenu cha maigizo hakina nguo, na bila joho la jaji hampandi jukwaani. Haya, nimeshona. Nimeshusha pazia la chumbani na kufumua vifuniko vya makochi, vyote vyeusi, vizito, vinashuka mwilini kama vya mtu mwenye cheo. Ndani ya kola nimetia boksi la viatu ili shingo ikae juu. Nywele za jaji ni kamba za dekio. Jipya, usikunje uso. Ubavuni nimeacha nafasi, ukinenepa utafumua.

Mchezo ukiisha, njoo. Macho yangu siku hizi yana ukungu.

Bibi yako

Tarehe 27 Februari

Mke wangu wa kwanza,

Shikamoo Bibi. Magoti yamepatana? Mimi mzima, na nakula kweli.

Bibi, umetuua. Upande wa kulia mweusi, wa kushoto damu ya mzee! Kesi ni ya mjane na tajiri, na jaji wangu anakula rushwa huku na huku. Nikimgeukia mjane, watu wanaona rangi hii. Nikimgeukia tajiri, wanaona ile. Ukumbi mzima uliguna. Mwalimu wetu akauliza, "Nani kafikiria hivi?" Nikamwambia ni bibi yangu, ambaye hajakalia dawati hata siku moja.

Sasa tumeitwa miji minne, kwa sababu ya joho hilo. Kwa hiyo mwezi huu siji, nisamehe. Na anayeigiza mke wa tajiri anataka gauni. Nalo litie rangi mbili hivyo hivyo.

Mjukuu wako, mumeo

Tarehe 9 Machi

Mume wangu,

Marahaba. Barua yako nimesomewa mara mbili, ya pili kwa amri.

Rangi mbili zipi? Mimi nilishona joho jeusi.

Nikamuuliza msusi, "Wewe uliliona?" Akasema, "Nililiona, Bibi. Nilidhani ndivyo ulivyotaka." Nikamwambia heshima nyingine ni ujinga.

Vifuniko vile nilivichagua mwenyewe dukani, damu ya mzee, nikagombana na babu yako aliyetaka kijani. Siku ya kukata niliviona vyeusi, nikajiambia jasho la miaka ndilo limevikoleza. Mtu akitaka kujidanganya hakosi sababu.

Jumatano msusi alinipeleka kwa daktari wa macho. Ni presha ya macho. Nikamuuliza atayasafisha lini. Akasema haya hayasafishwi, kilichokwenda hakirudi. Matone ni ya kushikilia kilichobaki, nacho ni kidogo. La kushoto limekwisha. La kulia naona kama anayechungulia tundu la ufunguo. Mbele yake sikulia. Nililia kwa msusi, akanishika kichwa kama ananisuka.

Gauni sishoni. Naogopa, mume wangu. Nimezika watu, nimelala njaa, sikuogopa hivi. Hiki nakiogopa tangu naamka mpaka nalala. Uso wako ninaoukumbuka ni wa mwaka juzi, na nasikia umefuga ndevu.

Njoo.

Bibi yako

Tarehe 30 Machi

Shikamoo Bibi,

Barua imenikuta mji wa tatu, imezunguka nyuma yangu. Niliisoma nikiwa ndani ya joho, na siku ile jaji alisahau maneno yake. Mimi ndiye niliyekupigia makofi kwa ugonjwa wako.

Umebaki mji mmoja. Nikiondoka leo, wenzangu wanane wanabaki bila mchezo. Nivumilie hadi tarehe ishirini. Weka matone, Bibi, nakuomba.

Mjukuu wako

Tarehe 6 Aprili

Mume wangu,

Marahaba. Wenzako usiwaache. Hata mimi sikuwahi kumwacha mteja na pini mwilini. Na kosa la macho yangu usilibebe wewe, una mizigo yako.

Lakini sikufichi, tundu linaziba. Jana nilitaka kushika mkono wa kikombe nikashika hewa. Matone naweka, msusi anahesabu. Kila asubuhi nanyoosha kidole mbele ya pua nione kama kipo.

Basi sikiliza. Ukija, uje mchana. Usipitie kwa mtu, usinywe chai ya mtu. Ingia kimya, usiniamkie, maana sauti yako nikiisikia masikio yatakutambua kabla ya jicho, na mimi nataka jicho. Piga magoti mbele ya kiti changu, sogea mpaka pua zetu ziguse, kisha ugeuze uso polepole, kipande kwa kipande, paji, jicho, jicho la pili, hizo ndevu. Ukiona simalizi, usiniharakishe. Ukiona sitazami popote, usiseme pole, chukua mikono yangu uiweke usoni mwako.

Nikisema basi, ndipo uniamkie.

Bibi yako, mkeo