Sinia la Kakao

Salelologa, Jumatatu

Kaka Iakopo,

Huku wazima. Majimbi yamestawi. Na mimi sichechemei tena.

Miezi minne nimechuchumaa na kusimama, ndoo ya mchanga mikononi, mpaka mapaja yakawaka moto. Shangazi Lusia alinicheka: "We Fetuao, unataka kubeba kanisa? Mguu ukishaharibika umeharibika!"

Unajua kwetu ukipita mbele ya watu waliokaa, lazima uiname sana na kuomba radhi, "Tulou." Tangu utuangushe na pikipiki, nikiinama nilikuwa naanguka. Msichana wa miaka ishirini na mbili nikawa napitishwa nyuma ya nyumba kama kuku.

Jana ukoo mzima ulikuwa umekaa mikekani. Nikabeba sinia la kakao, nikainama, nikapita mbele yao wote polepole mpaka kwa Shangazi. Halikumwagika hata tone.

"Tulou, Shangazi."

Akasogea, akanipa nafasi mkekani.

Miaka mitatu uko Auckland, hujawahi kuuliza natembeaje. Basi njoo uone. Nitakuwa nimekaa mkekani, Kaka. Wewe ndiye utakayepita mbele yangu, na nitaangalia unainama kiasi gani.

Dada yako,
Fetuao