Mchoro wa Pili

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umeamka salama, na kile kifua kilichokusumbua kimetulia. Mama naye nampa shikamoo yake. Mwambie dawa za macho alizoniagiza nimezipata. Mimi huku sijambo wa mwili. Wa moyo, hapana, na ndiyo maana nimeandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu ungeniuliza kama nimekula, nami ningeanza kulia.

Nilipokuja Jumapili ile hukutaka kusema lolote, ila Mama alinivuta jikoni akaniambia kwamba kila asubuhi unavaa koti lako la kazi, unatia mfukoni kisu cha kukatia vioo, kisha unakaa barazani mpaka jua la saa sita likufukuze. Akaniambia pia kwamba fundi cherehani, jirani yako wa karakana kwa miaka ishirini na sita, siku hizi akikuona anavuka barabara.

Huku kazini nilikuwa napongezwa. Barabara ya kwenda hospitali imekamilika, gari la wagonjwa linafika kwa dakika nne, na picha yangu imetundikwa ukumbini mwa halmashauri: msanifu majengo, mkuu wa mipango miji, natabasamu kama mtu aliyelala vizuri. Kila nilipopita hapo nilitazama viatu vyangu.

Unaukumbuka mkutano wa wananchi kuhusu barabara hiyo. Mafundi wa karakana zile saba zilizotakiwa kuvunjwa walikuja wamefura, fundi cherehani mbele, akiapa kwamba hatoki mtu. Ndipo ukasimama wewe ukasema: “Mimi nimekata vioo vya madirisha aliyoyachora huyu binti, na hata kimoja hakijawahi kupwaya. Akisema hakuna njia nyingine, basi hakuna. Mimi navunja wa kwanza.” Kesho yake ukavunja kweli, ukabeba vioo vyako kimoja kimoja ndani ya blanketi, na wenzako wakafuata. Mkapewa vibanda nje ya mji, ambako hapiti mteja.

Baba, njia nyingine ilikuwepo.

Mpima ardhi aliniletea michoro miwili. Wa kwanza ulipita juu yenu. Wa pili ulikatiza uwanja wa nyuma ya lile ghala lililofungwa. Ulikuwa mfupi zaidi na haukumgusa mtu. Lakini mwezi huohuo mwenzangu wa ofisini alifukuzwa kwa kupindisha barabara ili shamba la shemeji yake lipone. Na karakana yako ilipo, nani hakujua? Nikaona nikiupeleka ule wa pili, watasema nimembeba baba yangu. Nikaufungia kwenye droo, nikaiambia kamati kwamba ardhi ya kule inatitia, haiwezi kubeba barabara. Nilikuvunjia wewe ili nionekane mwadilifu.

Wala nisijifanye mwema kwa kukwambia leo. Nimebanwa. Wiki iliyopita uwanja ule ulipimwa ili kijengwe kituo cha mabasi, na mhandisi mmoja mgeni akaja kuniuliza, kwa adabu kabisa, mbona udongo ni mgumu kama jiwe. Jumatatu nikampelekea mkurugenzi wa halmashauri maelezo yote kwa maandishi. Nimesimamishwa kazi.

Jumamosi nakuja kuwaambia wenzako wote sita, mmoja mmoja, nikianza na fundi cherehani. Sijui watanifanya nini. Ukitaka kubaki ndani, nitaelewa. Ukitaka nisikanyage hapo nyumbani, nitaelewa pia. Ila ukisikia wananitukana, nakusihi, usisimame kunitetea.

Mpe Mama salamu zangu na usimfiche habari hii. Nimeandika ili muisome pamoja. Mungu awalinde nyote wawili mpaka tutakapotazamana.

Ni mimi mwanao,
Kidomo