Kipande cha Jumanne

Jumapili, 2 Machi

Nakala ya wiki imekamilika. Kanzidata nzima ya hospitali kwenye diski ndogo kama kiganja changu. Nimehakiki mara mbili. Nimeifunga kwenye kanga nikaja nayo nyumbani, maana Katibu wa hospitali hataki nakala ilale jengo moja na mashine.

Bibi Raheli, mwenye nyumba wangu, anaitunza jikoni, darini juu ya meko, anakokausha mahindi ya mbegu. Mwanzoni nilikataa kwa sababu ya moshi. Akanijibu kwa Kishambaa, maneno mengi. Sikuelewa ila mkono wake. Ulionyesha kuta za chumba changu zilivyoota kuvu.

Kanisani mchungaji alinishika mkono akaniuliza mimi ni mgeni wa nani. Niko hapa tangu Septemba.

Jumanne, 4 Machi

Madaktari wa macho wamefika. Watapima mpaka Alhamisi, halafu watarudi mwisho wa mwezi na lenzi kwa ajili ya upasuaji. Wazee wametoka Shume, wengine wamepanda kutoka Mnazi kule bondeni. Daktari anapima, anasoma namba kwa sauti, mimi naingiza. Hakuna karatasi. Anasema karatasi hupotea. Lenzi ya kila mzee itaagizwa kwa namba hizo.

Mchana diski ya kumbukumbu ilijaa. Kila ninachoingiza huandikwa kwanza humo, kwa mpangilio wake, ndipo kiingie kwenye kanzidata yenyewe. Diski hiyo ikijaa, mfumo unasimama. Foleni imefika nje, daktari ananitazama. Nikahamishia kipande cha kumbukumbu cha leo asubuhi kwenye flashi yangu. Nimehamisha, sikufuta. Nikipata nafasi nitakirudisha.

Jioni Elia, mwalimu wa kwaya, alikuja dirishani. Kwaya inakwenda Shume, nyimbo hazina pa kubebewa, je, nina flashi?

"Halafu dada, sauti yako nimeisikia Jumapili kule nyuma. Njoo mazoezini, acha kujificha kama panya wa stoo."

Nilicheka. Nikampa flashi. Hakuna mtu aliyewahi kuja dirishani kwangu kwa jambo lisilo la kazi.

Nimekumbuka sasa hivi, nikiandika haya. Kipande kimo ndani.

Jumatano, 5 Machi

Simu ya Elia haipatikani. Wameondoka alfajiri. Wazee ni wengi kuliko jana. Stoo hakuna diski kubwa. Sijamwambia mtu.

Alhamisi, 6 Machi

Mambo yameharibika.

Wa mwisho kwenye foleni alikuwa Bibi Raheli. Tangu asubuhi alikuwa akiwapisha wenzake, anasema yeye ni wa hapahapa. Daktari akasoma namba za jicho la kulia, nikaandika. Akaanza za kushoto. Ngurumo ikapiga upande wa Magamba.

Mlinzi wetu, Mzee Yona, akisikia ngurumo ya kwanza huvuta swichi kuu. Zamani radi iliwahi kuunguza friji la chanjo, na tangu hapo haulizi mtu. Betri ya akiba ya mashine ilikufa Januari. Ombi langu la betri mpya liko mezani kwa Katibu.

Giza. Mzee Yona akapaza sauti kutoka getini: "Nimewaokoa!"

Umeme uliporudi, mashine haikuwaka. Diski ya kanzidata inagonga ndani kama saa mbovu. Madaktari, wakidhani namba zote zimeshaandikwa, walikwishafunga vyombo, wanaiwahi barabara kabla haijawa tope. Niliwaaga nikitabasamu. Sijui kwa nini nilitabasamu.

Bibi alinisubiri kwenye benchi. Tukarudi wote, ameshika mkono wangu kwa sababu jioni haoni kabisa. Alikuwa na furaha. Anajua ameshaandikwa.

Ijumaa, 7 Machi

Nilimpigia Fundi Salimu, aliyetufungia mfumo. Yuko Tanga.

"Dada, acha kulia, nijibu. Nakala ya Jumapili ipo?"

Ipo.

"Diski ya kumbukumbu ni nzima?"

Nzima.

"Basi umekufa nusu tu."

Diski mpya imefika na basi la mchana. Tumerudisha kwanza nakala ya Jumapili. Imefunguka yote, ingawa inanuka moshi. Kisha tukauamuru mfumo usome kumbukumbu kipande kwa kipande na kurudia kila nilichoingiza tangu siku hiyo. Jumatatu ikapita. Nikaona majina ya Jumatatu yakirudi, nikashika mdomo.

Jumanne asubuhi, mfumo ukasimama.

Salimu akasema kuna kipande hakipo. Vinavyofuata vipo vyote, lakini mfumo hauruki pengo. Cha Jumatano kimejengwa juu ya cha Jumanne. Ukikilazimisha, unaweza kumpa mzee huyu jicho la mzee yule. Akauliza kama kuna mtu amegusa ile diski.

Nilisema sijui.

Huo ni uongo. Nauandika hapa ili angalau mahali pamoja pawe na ukweli.

Katibu amesema Jumatatu asubuhi atampelekea daktari namba, au atampigia kumwambia hazipo. Zisipokuwepo, wazee hawa watasubiri mpaka mwakani. Kisha akaniambia, kwa upole, "Binti, unakumbuka bado uko kwenye majaribio." Nakumbuka. Nakumbuka kila siku ninapofungua mlango wa ofisi.

Bibi amepika makande. Alikuwa akipapasa vikombe rafuni, kimoja kimoja, akitafuta kile changu chenye mpini uliovunjika. Nimeshindwa kula.

Jumamosi, 8 Machi

Shume. Nimekwenda na bodaboda, tope mpaka magotini, tukipishana na malori ya magogo ya misonobari. Ukungu mzito. Kwetu Manyoni mtu anayekuja unamwona mapema kabla hajafika. Huku anatokea puani pako.

Kwaya ilikuwa kanisani, mazoezini. Elia akafurahi kuniona. Nikamuuliza habari za flashi.

"Zile takataka? Zilikuwa hazifunguki, dada. Tumezifuta ili nyimbo zienee."

Nilikaa sakafuni. Wanawake wa sauti ya kwanza wakaacha kuimba. Mmoja akauliza kwa Kiswahili, ili nami nisikie, kama Elia amenivunjia uchumba. Wakacheka. Wakaona sicheki.

Nikawaeleza. Wazee, macho, kipande, yote. Sikujua nina maneno mengi kiasi hicho.

Elia akajikuna kichwa. "Ngoja kwanza. Mimi sifuti cha mtu bila kukinakili. Kompyuta yetu iliwahi kuingia maji, nyimbo zote za Pasaka zikaenda. Hawa mama hawakunisemesha mpaka Pentekoste."

"Na tulikusamehe mapema," akasema mmoja wao.

Kompyuta ya kwaya ilikuwa nyumbani kwa mzee wa kanisa, imefunikwa taulo. Ndani yake, folda imeandikwa VYA DADA. Kipande kilikuwemo. Nikakitazama ukubwa, jina, saa. Kizima.

Hawakuniacha niondoke mpaka niimbe nao wimbo mmoja. Niliimba. Aliyesimama kushoto kwangu alinibana na bega lake, akanibana hivyo mpaka mwisho.

Jumapili, 9 Machi

Sikwenda ibadani. Nilimpigia Salimu kutoka ofisini. Nilianza na ukweli, kabla hata ya kumwambia nimekipata.

"Ungeniambia Ijumaa, dada, nisingemtukana bure aliyeniuzia ile diski," akasema. "Haya, kiweke mahali pake."

Jumanne ikapita. Jumatano ikapita. Alhamisi ikaingia jina kwa jina, na nilikuwa nayasoma kwa sauti, peke yangu, kengele za kanisa zikilia huko chini. Mzee kutoka Mnazi aliyenipa ndizi. Yule mama aliyelala kwenye benchi. Wote wakarudi, na namba zao, kulia na kushoto.

Kisha ikasimama, safari hii kwa sababu imefika mwisho. Salimu akasema tumerudi mpaka pale umeme ulipokatika. Kuna muamala mmoja tu, ingizo la mgonjwa mmoja, haukuwa umekamilika, na mfumo umeufuta wenyewe. Ndivyo unavyotakiwa. Rekodi nusu ni hatari kuliko rekodi isiyokuwepo.

Sikuhitaji kuuliza ni wa nani. Jicho la kulia nilishaandika. Nilikuwa sijahifadhi.

Bibi Raheli hayumo.

Jumatatu, 10 Machi

Nimemweleza Katibu yote, nimesimama. Alivua miwani. Akasema, "Flashi. Kwaya," kama mtu anayeonja dawa. Kisha akavuta ombi langu la betri kutoka chini ya mafaili, akalitia saini bila kunitazama. Majaribio yangu yameongezwa. Sijafukuzwa.

Namba zimekwenda. Daktari amejibu kwamba huyo mmoja aliyebaki ashuke Korogwe Jumatano, atampima huko.

Nilimwomba Mzee Yona anifundishe namna ya kumwambia Bibi kwa Kishambaa. Alinicheka matamshi yangu. Alipoelewa ninachotaka kusema, akaacha kucheka. "Kumbe ile swichi nilimkatia Raheli?" Nikamwambia hapana, mzee, ni mimi nilichelewa, na betri ilikuwa mbovu. Alikwenda getini, akakaa.

Jioni, mbele ya meko, niliyasema kama nilivyofundishwa. Pengine niliyavuruga. Bibi alisikiliza ameinamisha kichwa. Nilimwogopa kuliko nilivyomwogopa Katibu.

Akanijibu kwa Kiswahili. Sikujua anacho cha kutosha.

"Jicho hili limengoja sana, mjukuu wangu. Litashindwa Jumatano? Tutashuka wote. Korogwe kuna samaki."

Jumatano, 12 Machi

Korogwe. Joto. Bibi amevaa kitenge chake cha kanisani na sweta, hataki kulivua.

Daktari alisoma namba, mimi nikaandika kwenye kompyuta yake. Kulia. Kushoto. Nilihifadhi kabla ya kuinua kichwa. Nikamwambia Bibi tayari.

Asubuhi, kabla hatujaondoka, alipanda ngazi mwenyewe kunihakikishia diski. Nilichukua nakala nyingine jana, sikungoja Jumapili. Alipapasa mahindi, akapapasa kanga, akashuka ameridhika.

Mazoezi ya kwaya ni Ijumaa. Elia ameniambia nisichelewe.

Tumekula samaki kwenye kibanda karibu na stendi. Mimi mwenye macho nilikuwa nang'ang'ana na miba. Bibi akaivuta sahani yangu kwake, akanichambulia kwa vidole, taratibu, kipande kwa kipande, akanirudishia.

Haukubaki mwiba hata mmoja.