Mpunga Ulioliwa Tukiwa Kimya

Mjukuu wangu Zuhura,

Salamu kutoka Mbwera. Sisi wazima, alhamdulillahi. Baba yako mdogo kanunua mashine mpya ya boti, na mbuzi kazaa pacha.

Uliniuliza kwenye simu, enzi zetu tulikuwa tunapumzika lini? Nilicheka, kisha nikakaa kukuandikia barua hii.

Nilipokuwa msichana, mpunga ukianza kukomaa tulihamia shambani, tukaishi kwenye dungu, kile kibanda cha juu ya miti, tukiamia ndege, yaani kuwafukuza kwa kelele na mabonge ya udongo wasile mpunga. Kwenye dungu la jirani alikaa shoga yangu Mwanahawa. Kutwa tulisimuliana hadithi kwa kupiga kelele, yeye kule, mimi huku. Siku moja tukagombania kanga, tukanuniana. Nilirusha mabonge ya udongo peke yangu mpaka nikachoka, nikasinzia. Naye kwake vilevile. Ndege wakashuka mashamba yote mawili. Mama alipofika hakunipiga. Alisema, "Kapataneni, mpunga unaliwa."

Sasa zile hadithi niziite kazi au mapumziko? Mpaka leo sijui.

Baba yako kanikataza kulima, eti nipumzike. Kaninunulia televisheni. Mwanahawa tumeshamzika. Wewe nikikupigia unaninong'oneza kwamba uko kazini, hata Jumapili. Nimepumzika mpaka nimechoka, mjukuu wangu.

Jana ndege walipita juu ya paa. Nilitoka uani nikapiga ukelele kwa nguvu zangu zote, kisha nikasimama palepale, nikingoja wa kuniitikia.

Bibi yako