Daraja la Pombe

Jumatano, 7 Novemba 1951
Mkutano kwa jumbe leo. Mvua zinakuja. Mwaka jana mto ulitutenga na maduka ya Mlowo miezi mitatu: chumvi hakuna, mafuta ya taa hakuna. Basi tujenge daraja. Kila nyumba gogo moja, kila mke mtungi mmoja wa pombe kwa wajenzi. Hapo nikasimama! Mimi, mwalimu wa misheni, nifanye kazi ya pombe? Nikasema nitawaombea. Jirani yangu Mika akasema basi Mungu alete gogo la mwalimu. Walicheka mpaka jumbe akashika tumbo. Washenzi.

Jumamosi, 17 Novemba
Wanajenga. Nyimbo zao zinafika hadi hapa mezani. Nimemkataza Loisi, mke wangu, kupika pombe yao. Ameendelea kuchambua maharage. Mimba yake ina miezi saba, hasira ziko karibu.

Jumapili, 25 Novemba
Daraja limekwisha. Nimehubiri juu ya ulevi. Nimeliita daraja la pombe, mara tatu nadhani. Mabenchi nusu matupu.
Zuri lakini. Nimelitazama kwa mbali, magogo arobaini na mawili, yamefungwa kwa kamba za ngozi. Mimi nitapita kivukoni kama zamani. Maji hayazidi magoti.

Ijumaa, 21 Desemba
Upepo umeezua paa la jikoni. Zamani wangefika kabla sijaita, na nyasi zao begani. Leo nimeezeka peke yangu, vibaya. Wananisalimia vizuri, vizuri mno. Ndicho kinachoniudhi! Afadhali wangenitukana.

Alhamisi, 17 Januari 1952
Uchungu umemshika Loisi tangu jana, mtoto hatoki. Mkunga amesema yeye hawezi tena. Lazima hospitali, ng'ambo ya mto. Machela inataka wanaume wanane wa kupokezana. Nimebisha hodi nyumba tano. Tunakuja mwalimu, tunakuja. Hakuja mtu. Loisi akamtuma mkunga kwa Priska, mke wa Mika. Sijamaliza kufunga machela, wanaume kumi na wawili uani!

Kisa chenyewe nimekijua njiani. Loisi alipika. Mitungi miwili ya ulezi, nyumbani kwa Priska, mimi nikiwa darasani. Miezi miwili kijiji kizima kinajua, isipokuwa mimi. Nilikuwa nahubiri, na wao wananitazama, wanajua!

Kivukoni hapapitiki, maji yangenifika shingoni. Tukafika darajani. Mika akanigeukia: mwalimu, hili ni la pombe, usije ukachafuka. Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyenizuia pia. Miguu ndiyo ilikataa. Kwa aibu au kwa kiburi, sijui. Nilisimama tu, na Loisi analia.

Priska akainama juu ya machela, akamuuliza: dada, tumngoje mumeo?

Loisi akatikisa kichwa kukataa.

Wamevuka. Naandika ukingoni, daftari juu ya goti, mvua inaanza kulilowesha. Machela imeshaingia migombani. Hakugeuka hata mmoja. Bado nasikia sauti ya Loisi, au ni mto. Ni hatua ishirini tu. Naweza kuvuka sasa hivi, nikimbie, niwafikie, halafu nimwambie nini —